Kutengeneza maji ya bahari nyumbani: safisha kwanza, ndipo utie chumvi



Kila ninapomwambia mtu wa Mombasa kwamba maji ya tangi langu la samaki nayatengeneza nyumbani, jibu huwa ni lile lile: "Bahari hii hapa! Yaani wewe wanunua chumvi utengeneze bahari, na bahari haiko mbali na mlango wako?" Halafu huja swali la pili, na hili huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: ikiwa jirani ananunua maji kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni, ni sawa kweli mtu kumwaga maji kwa ajili ya samaki wa kutazama?

Maswali yote mawili ni ya haki, na makala haya nimeyaandika kuyajibu. Nitaeleza jinsi ya kusafisha maji nyumbani na jinsi ya kuyageuza kuwa maji ya bahari. Lakini msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mashine inayosafisha maji ya samaki ni ile ile inayoweza kusafisha maji ya watoto wako. Watu kwanza, samaki baadaye. Ukiifuata tartibu hiyo, gharama inakuwa na maana na maji hayapotei bure.

Kwa nini si ndoo ya baharini tu

Pwani yetu huuza samaki wa mapambo ng'ambo. Kitatange aliyevuliwa Shimoni anaweza kuishi miaka ndani ya nyumba Ujerumani, mahali ambapo bahari iko mbali, katika maji yaliyochanganywa kwa chumvi ya pakiti. Wafugaji wa huko walijifunza kuchanganya kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunayo bahari, lakini ni bahari gani hiyo tunayoifikia kwa ndoo?

Anayeishi kisiwani, maji yaliyo karibu naye ni ya mikono ya bahari: Tudor, Makupa, Kilindini. Maji hayo hupokea uchafu wa majitaka ya mji, na upande wa bandari kuna meli na mafuta yake. Ikinyesha, mvua inasukuma tope na takataka zote za mitaro kuingia humo, na chumvi yenyewe hushuka. Samaki walioko baharini wana pa kukimbilia. Aliye ndani ya tangi la lita 100 hana. Uchafu uliomwaga ndani ndio atakaoupumua usiku na mchana.

Sisemi maji ya bahari hayafai kabisa. Mwenye jahazi au rafiki mvuvi anayeweza kuchota nje, bahari kuu, maji yakiwa yamejaa na siku za mvua zimepita, atapata maji mazuri. Ayachuje, ayafunike mahali pa giza wiki moja au mbili, ayapime, ndipo ayatumie. Lakini mtungi wa lita 20 uliojaa una uzito wa zaidi ya kilo 20, na kazi hii ni ya kila wiki. Wengi huanza kwa hamu, kisha wiki ya tatu wanachota pale palipo karibu. Hapo ndipo samaki huanza kufa.

Maji tuliyo nayo nyumbani

Mombasa haina mto wake. Maji ya mfereji hutoka mbali: Mzima iliyoko Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, chemchemi za Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Yakifika yamekwisha kutiwa klorini ili kuua viini. Klorini hiyo ni rehema kwa mwanadamu, lakini kwa samaki ni sumu, kwani huchoma matamvua anayopumulia.

Mfereji ukikauka, na twajua hukauka, tunarudi kwa visima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na mwamba huo una matundu. Maji ya mvua hupenya chini na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia kutoka pembeni, kwa sababu maji matamu ni mepesi. Tukivuta sana kwa pampu, maji matamu yanapungua na ya chumvi yanapanda. Hii ndiyo sababu visima vingi vya mjini vina ladha ya chumvi.

Hapa niondoe dhana moja. Wapo wanaofikiri kwamba maji ya kisima cha chumvi yamekwisha kuwa nusu bahari, basi ukiyaongezea chumvi kidogo kazi imekwisha. Sivyo. Maji hayo yamebeba chokaa kutoka kwenye mwamba, na mahali penye vyoo vya shimo vingi hubeba pia nitrati. Vipimo vyake si vya bahari. Nitrati hulisha mwani, na tangi linageuka kijani. Kwa watu jambo hilo ni kubwa zaidi: nitrati nyingi katika maji ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, kwani hupunguza uwezo wa damu yake kubeba hewa.

Na tukumbuke: kuchemsha maji huua viini, lakini hakuondoi chumvi wala nitrati. Maji yanapopaa kama mvuke, kinachobaki sufuriani huzidi ukali. Dawa ya maji ya matone nayo huua viini na kuacha chumvi pale pale. Kuitoa chumvi kwahitaji njia nyingine.

Siri ya achari

Njia hiyo ni mashine inayojulikana madukani kwa jina la RO. Kuielewa, tuingie jikoni. Mama akitaka kutengeneza achari ya embe, hukata embe mbichi, akalitia chumvi na kuliacha. Baada ya muda utaona maji yamejaa bakulini. Nani aliyeyatia? Hakuna. Yametoka ndani ya embe lenyewe. Maji hupenya kwenye ngozi nyembamba kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Hayo ni maumbile.

Mashine ya RO huyalazimisha maji yaende kinyume. Ndani yake mna utando ulioviringishwa kama mkeka, wenye matundu madogo mno. Maji yenye chumvi husukumwa kwa nguvu upande mmoja, nayo maji yenyewe yanapenya huku sehemu kubwa ya chumvi ikibaki nyuma. Utando mzuri huzuia takriban asilimia 96 hadi 98 ya vitu vilivyoyeyuka.

Kadiri chumvi inavyokuwa nyingi ndivyo nguvu inayohitajika inavyopanda. Kwa maji ya bahari yenyewe, zinahitajika zaidi ya baa 25 za mgandamizo ili yaanze tu kupenya. Mashine ya nyumbani hufanya kazi kwa baa 3 hadi 5 hivi. Kwa hiyo anayekuuzia mashine ya jikoni akikwambia itageuza maji ya bahari kuwa matamu, muage kwa salama uende zako. Hata kwa kisima kuna mpaka: tandu nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa maji yasiyozidi takriban 2,000 kwenye mita ya TDS.

Mita hii ni kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka majini. Inunue kabla ya mashine. Pima mfereji wako, pima kisima chako, uandike. Tuseme mfereji unasoma 500. Utando ukizuia asilimia 96, utabakiwa na 20. Tuseme kisima kinasoma 3,000. Hata utando ukifanya kazi vile vile, utabakiwa na 120, na nguvu ya pampu itakuwa imeliwa na ile chumvi. Namba hizo ndizo zitakazokuambia kama mashine ya nyumbani inakufaa au unahitaji kubwa zaidi.

Kuifunga katika nyumba zetu

Vitabu vya mashine hizi huandikwa kwa ajili ya nchi ambazo mfereji una nguvu saa 24. Kwetu maji huja kwa zamu, yanaingia tangi la chini, yanapandishwa tangi la juu ya dari, halafu yanashuka. Kila mita 10 za kimo huleta takriban baa 1 tu. Tangi lililoko mita 3 juu ya mfereji wako halileti hata nusu baa. Ukifunga mashine hapo bila msaada, utaona maji machafu yakitiririka na masafi yakidondoka tone baada ya tone, na hata hayo masafi hayatakuwa safi vya kutosha. Kwa hiyo pampu ndogo ya kuongeza nguvu ni ya lazima kwa nyumba nyingi za Mombasa, pamoja na saa ya mgandamizo ili uone kama umefikia baa 4.

Mpangilio ni huu, kutoka maji yanakoingia:

1. Kichujio cha takataka, cha mikroni 5, kinachozuia mchanga na kutu.
2. Kichujio cha kaboni, yaani makaa maalum, kinachoondoa klorini.
3. Utando wenyewe. Kutoka hapa kuna mipira miwili: mmoja wa maji safi, mwingine wa maji yanayomwagwa.
4. Rezini, chembechembe zinazofanana na mayai ya samaki, ambazo humalizia kilichobaki hadi mita isome 0. Hii ni ya maji ya samaki tu.

Mfereji wa kunywa wa familia uchukuliwe kabla ya rezini. Rezini inayouzwa kwa matangi haikutengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na mwanadamu hana haja ya maji yanayosoma 0. Na mashine isikufanye uache tahadhari: utando ukiwa mzima huzuia viini, lakini ukichanika au kiungo kikivuja hutajua kwa macho. Maji ya kisima chenye shaka yaendelee kuchemshwa, au ongeza taa ya kuua viini.

Kaboni ina siri yake. Kazi yake ni kuulinda utando, kwa sababu klorini huula utando taratibu mpaka uharibike. Kaboni ikichoka, mita ya TDS haitakwambia lolote, kwani haipimi klorini. Tumia matone ya kupimia klorini, yale ya mabwawa ya kuogelea, kwa maji yaliyopita kwenye kaboni. Yakionyesha rangi, badilisha. Kwa kawaida vichujio viwili vya mwanzo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, lakini kwetu bomba likipasuka na maji yakarudi na tope, kichujio chaweza kuziba kwa wiki chache. Ukiona saa ya mgandamizo inashuka, kitazame kwanza hicho.

Ukiwa na kaboni mpya, iache ipitishe maji na kumwaga vumbi lake jeusi kabla ya kuiunganisha na utando. Utando mpya nao umwage maji yake ya saa za mwanzo, kwa kuwa huja na dawa ya kuuhifadhi. Usipime wala usinywe kabla ya hapo.

Kuhusu kasi, mashine huuzwa kwa galoni za siku. Ya galoni 75 ni sawa na lita 280 hivi kwa siku, ikiwa mgandamizo ni kamili. Lita 100 zaweza kuchukua saa 9 au zaidi. Usiiwashe ukaenda harusini. Weka boya la kufunga maji tangi likijaa, au utakuta sebule imekuwa bahari.

Maji yanayomwagwa

Sasa lile swali la sauti ya chini. Mashine ya kawaida humwaga lita 3 hadi 4 kwa kila lita 1 safi. Tangi la lita 100 likijazwa mara ya kwanza, zinatoka lita 300 hadi 400 upande wa pili. Hiyo ni mitungi 15 hadi 20. Katika mtaa ambako mama anahesabu mitungi kabla ya kuamua kufua, kuyaacha maji hayo yaingie mtaroni ni aibu. Dini yetu imetukataza israfu katika maji hata tunapotawadha kando ya mto unaopita, sembuse kwa jambo la kujipendezesha.

Lakini tuyaangalie maji yenyewe. Ikiwa lita 4 zimeingia na lita 1 imetoka safi, chumvi yote imebaki katika lita 3. Maana yake yamezidi ukali kwa theluthi moja tu. Mfereji wa 500 utatoa maji ya kumwaga yanayosoma kiasi cha 660. Hakuna kilichoongezwa ndani yake, na yamekwisha pita kwenye kichujio na kaboni. Yanafua nguo, yanaosha vyombo, yanadeki, yanakwenda chooni, yananywesha mwembe na mkilifi uani. Mimi si mufti, na mwenye shaka amuulize imamu wake, lakini sioni kinachoyazuia kutumiwa kwa udhu.

Ya kisima cha chumvi ni mengine. Kisima cha 3,000 kitatoa maji ya kiasi cha 4,000, na hayo usiyape mimea, yataikausha. Yapeleke chooni na kwenye kudeki.

Kwa hiyo sharti langu kwa kila anayetaka tangi la bahari ni hili: mpira wa maji yanayomwagwa uwe na pipa lake kabla mashine haijawashwa siku ya kwanza. Baada ya kujaza tangi, mahitaji hushuka. Tangi la lita 100 likibadilishwa asilimia 10 kwa wiki, pamoja na kuongeza lita 1 kwa siku badala ya yanayopaa, linahitaji kama lita 17 safi. Zinazotoka upande wa pili ni lita 50 hadi 70 kwa wiki. Nyumba ya watu watano huzimaliza chooni peke yake. Mwenye pipa hajamwaga kitu. Amebadilisha tu zamu ya maji.

Chumvi ya Gongoni haitoshi

Wengi wataniuliza: kama tunataka maji ya bahari, si tuchukue chumvi iliyotoka baharini? Kaskazini ya Malindi, Gongoni na Ngomeni, kuna mashamba makubwa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa vidimbwini, jua na upepo vikayakausha, chumvi ikabaki. Basi ukiirudisha kwenye maji, hujapata bahari tena?

Hujapata, na sababu yake ni jinsi chumvi inavyovunwa. Maji ya bahari yakipaa, vilivyomo havitoki pamoja. Kwanza hutua chokaa. Kisha hutua jasi, ambayo ina kalsiamu na salfeti. Baadaye ndipo inatua chumvi ya kula, yaani sodiamu na klorini. Na inapotua, magnesiamu na potasiamu hubaki katika maji machungu yanayosalia juu, ambayo mvunaji huyaondoa kwa makusudi, kwa sababu yangeiharibu ladha ya chumvi. Kwa hivyo kilichomo mfukoni ni sehemu moja ya bahari, si bahari nzima. Halafu huongezwa iodini kwa ajili ya afya yetu, jambo zuri kwa watu, lakini halikupimwa kwa ajili ya samaki.

Maji ya bahari ya kawaida yana takriban gramu 35 za chumvi za kila aina katika kilo moja. Katika kila lita moja mna kalsiamu miligramu 400 na kitu, na magnesiamu karibu miligramu 1,300. Matumbawe na konokono hujenga mifupa na magamba yao kwa kalsiamu hiyo, na magnesiamu huizuia isigande ovyo. Chumvi ya pakiti iliyotengenezwa kwa matangi huvirudisha vyote kwa kipimo. Ndiyo sababu ni ghali, na ndiyo sababu pia maji ya chini yawe matupu kwanza. Ukitia chumvi iliyopimwa ndani ya maji yenye chokaa ya kisima, kipimo kimevurugika kabla hujaanza.

Kuchanganya

Tafuta pipa la plastiki lililowahi kuwekwa chakula. Lililokuwa na sabuni, mafuta ya taa au dawa ya wadudu, hata ulisugue vipi, halifai. La chuma halifai kabisa.

Maji yatangulie, chumvi ifuate. Tia lita 100 za maji safi, weka pampu ndogo ya kuyazungusha, kisha uongeze chumvi kikombe kwa kikombe. Kwa lita 100 itahitajika kama kilo 3.6 hadi 3.8, kutegemea pakiti. Ukifanya kinyume, ukamwaga chumvi kwanza na maji juu yake, kalsiamu iliyosongamana hukutana na kaboneti ikageuka chaki. Maji yatakuwa meupe kama tui, na ile chaki haitayeyuka tena.

Yaache yazunguke mpaka yawe maangavu. Kuyaacha usiku mzima ni bora. Kwa joto letu hakuna haja ya hita. Ndipo upime. Unatafuta 35 kwa elfu, au 1.026 kwa kipimo cha uzito. Rifraktomita, ile unayochungulia kama darubini, ni bora kuliko kipimo cha sindano inayoelea, mradi uirekebishe kwa maji maalum ya kipimo cha 35.

Yakizidi, hesabu si ngumu. Lita 100 zikisoma 38, zidisha 38 kwa 100, ugawe kwa 35: unapata karibu 108.6. Basi ongeza lita 8 na nusu za maji safi. Yakipungua, sema 33, unahitaji gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 200 na zaidi kidogo. Usiitie kamwe chumvi kavu ndani ya tangi lenye samaki.

Kwa nini tuwe wakali hivi? Turudi kwenye achari. Damu ya samaki wa baharini ina chumvi kama theluthi ya ile ya maji anayoishi. Kwa hiyo maji humtoka mwilini mchana na usiku, kama yanavyolitoka embe. Hujilipa kwa kunywa maji ya bahari na kuisukuma chumvi nje kupitia matamvua. Ukimbadilishia kipimo ghafla, umemwongezea mzigo ambao mwili wake haukujiandaa kuubeba.

Chumvi iliyobaki ifunge ndani ya ndoo yenye mfuniko mkali. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na pakiti iliyoachwa wazi hugeuka jiwe.

Tangi likishajaa

Mambo manne, kwa ufupi.

Kwanza, maji hupaa, chumvi haipai. Tangi la lita 100 likipoteza lita 5, kipimo kimepanda kutoka 35 hadi karibu 37. Ongeza maji safi matupu, si ya chumvi. Anayeongeza maji ya chumvi kila siku anafanya kazi ya Gongoni sebuleni mwake.

Pili, usilete samaki siku ya kwanza. Kinyesi chao hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Pima mpaka amonia na nitriti zisome 0.

Tatu, joto. Februari na Machi nyumba zetu huwaka, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa kwa sababu bahari ilipata joto kuliko kawaida. Ikiwa bahari nzima iliweza, tangi lako ni nini? Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha joto kwa kiasi kizuri, ila itakulazimu kuongeza maji safi zaidi. Na stima ikipotea, pampu ya hewa ya betri ndiyo itakayowaokoa samaki.

Nne, usiende kuokota viumbe ndani ya hifadhi za bahari: Malindi, Watamu, Mombasa, Kisite. Humo hakitolewi kitu, hata kombe. Nunua kwa mwenye leseni.

Tartibu ya matumizi

Mwenye pesa kidogo anunue kwa mpangilio huu. Mita ya TDS kwanza, ajue anakunywa nini. Kisha mashine na pampu yake, familia inywe miezi kadhaa, vichujio vieleweke. Kisha pipa la maji yanayomwagwa liwe na kazi nyumbani. Rezini, chumvi, rifraktomita na tangi la vioo vije mwisho. Atakayeishia njiani kwa kukosa fedha au muda atakuwa amebaki na maji mazuri ya kunywa, na hiyo si hasara.

Na atakayefika mwisho ajue amechukua amana. Kiumbe aliyefungiwa hana uwezo wa kwenda kujitafutia. Maji yake, chakula chake na hewa yake viko mikononi mwako, na utaulizwa. Ikiwa huwezi kupima kila wiki, samaki ni wazuri zaidi wakiwa baharini, na bahari, kama mlivyoniambia wenyewe, haiko mbali.

Wabillahi tawfiq.